Viuno vya Watu Kichwani mwa Baba

Habari ya kifo cha Baba ilinifikia kama swali la mtihani. Nilikuwa kazini, kwenye duka la vifaa vya ofisi, natoa nakala za karatasi za shule moja, mashine inanguruma, simu ikatetemeka juu ya rimu ya karatasi. Alikuwa Kaka.

"Wewe, Baba alizaliwa tarehe ngapi?"

"Kwa nini?"

"Wanajaza fomu hapa. Mwaka ninao. Tarehe na mwezi ndivyo vinavyonipiga chenga."

"Fomu gani, Kaka?"

Nyuma yake nilisikia mtu anaita namba za wagonjwa. "Baba ametutoka," akasema. "Saa nne kasoro. Pole sana, mdogo wangu. Sasa hiyo tarehe."

Mungu ni shahidi wangu, kabla sijatoa chozi nilimjibu hivi: "Si uangalie kwenye daftari lako."

Kwa miezi saba, kila Jumapili baada ya ibada, Kaka alikaa mbele ya Baba na daftari la jalada gumu akamuuliza, pamoja na mambo mengine, alizaliwa tarehe ngapi. Baba alijibu. Kaka alitia alama ya vema. Siku hiyo, akiwa kwenye dirisha la hospitali, alilifungua lile daftari na kukuta vema na kosa, vema na kosa, kurasa ishirini na nane. Majibu yenyewe hakuyaandika hata moja. Ya nini kuandika, wakati mwenye matatizo ya kumbukumbu alikuwa Baba?

Siandiki haya ili kumsema ndugu yangu. Basi, namsema kidogo. Mungu atanisamehe, kwa sababu nikimaliza naye najigeukia mwenyewe.

Baba alikuwa fundi wa nguo za kiume kwa miaka arobaini na sita. Chumba chake cha kazi kilikuwa ubavuni mwa nyumba, mlango unatazama barabara, hatua nane kutoka jikoni kwetu. Ndani kulikuwa na cherehani ya miguu, meza ndefu ya kukatia, pasi, kioo kilichopasuka pembeni, na magunia mawili ya vitambaa vilivyobaki. Futi yake ya kupimia ilining'inia shingoni kama mkufu wa cheo, na kazi yake kubwa ilikuwa hiyo hiyo ya kuning'inia. Mteja mpya alipimwa mara moja: kiuno, kifua, bega, mkono, paja, mguu. Baba hakuandika.

"Fundi, huandiki?" wengi waliuliza.

"Karatasi hupotea. Mimi nitapotelea wapi?"

Baada ya siku hiyo hukupimwa tena. Ulipoingia mlangoni Baba alikutazama mara moja, kutoka begani hadi kwenye kiatu, na kichwani mwake akafuta namba ya zamani akaweka mpya. Sharti lilikuwa moja tu, usimame. "Mtu aliyekaa hapimiki," alikuwa anasema. "Akishakaa, tumbo linasema uongo."

Majina yalimshinda tangu ujana. Marehemu Mama alipenda kusimulia kwamba siku ya ndoa yao mchungaji alimuuliza jina la bibi harusi, na Baba akamtazama kwanza mabega ndipo akajibu. Lakini viuno vya watu alivitunza vyote kichwani, na alivitunza kama padri anavyotunza maungamo. Mke wa mtu akija kudadisi, "Eti Fundi, mume wangu amefika ngapi?", aliambiwa, "Kamuulize mwenye mkanda."

Siku moja mwalimu wa hesabu alikuwa anapita zake barabarani. Baba akaacha cherehani akamwita.

"Mwalimu, umepungua inchi tatu."

"Hapana, Fundi. Ni hili shati tu, limelegea."

"Shati nimelishona mimi. Shati halijabadilika. Nenda hospitali."

Alikwenda, akakutwa na sukari. Yuko hai mpaka leo, alikuja msibani, na alisimama mlangoni muda mrefu pasipo kuingia, kana kwamba anasubiri kutazamwa.

Sasa Kaka. Ndiye mkubwa wetu, na tunamwita Mwenyekiti, kwa sababu akiingia chumba chenye watu watatu, kikao kimeanza. Ana ofisi, ana katibu, ana dereva. Mwaka jana alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa, akataka suti mpya ya kuapishwa. Hakuja mwenyewe kwa Baba. Alimtuma dereva na kitambaa, akapiga simu: "Baba, vipimo vyangu unavyo." Baba alikuwa navyo, ni kweli. Ila mara ya mwisho Kaka kusimama mbele yake ilikuwa miaka minane nyuma. Nyumbani alikuwa anakuja, hilo sikatai, lakini akishuka kwenye gari anakwenda moja kwa moja kwenye kochi, na koti mwilini, na mtu aliyekaa hapimiki.

Baba akakata kiuno thelathini na nane, kama alivyomjua. Suti ilichukuliwa Jumamosi jioni. Jumapili asubuhi Kaka aliivuta, akaipandisha zipu nusu, nusu iliyobaki akaikabidhi kwa pini na koti na neema ya Mungu. Wazee wapya saba walipiga magoti mbele ya madhabahu. Sita walipiga magoti kimya kimya. Wa saba alisikika hadi kwenye viti vya kwaya.

Kutoka kanisani alikuja moja kwa moja chumbani kwa Baba, koti amelifunga kiunoni kwa mikono yake.

"Baba, umenivua nguo mbele za Mungu."

"Kiuno chako thelathini na nane," Baba akasema.

"Kilikuwa, Baba. Kilikuwa."

Baba alishusha miwani, akamtazama kutoka begani hadi kwenye kiatu. "Arobaini na mbili," akasema polepole, kama mtu anayehesabu miaka ya kutoonana. "Imekuwaje usije kusimama?"

Kaka akanigeukia mimi. "Unamsikia? Namuuliza jambo la maana, ananijibu namba."

Mimi nilielewa kabisa Baba anasema nini. Kumbukumbu yake haikuwa imepotea. Kilichopotea ni kiuno cha Kaka, na Baba alikuwa wa mwisho kupewa habari. Ningeweza kusema hivyo pale pale. Lakini Kaka alikuwa amekasirika, na kwetu Kaka akikasirika watu hukumbuka kazi zao za jikoni. Nilikumbuka yangu.

Jumapili iliyofuata kikao kikaitishwa, ajenda moja: akili ya mzee. Dada naye alikuwepo. Dada yetu anauza vidonge vya kumbukumbu, vya kampuni moja inayokusanya watu kwenye kumbi za hoteli na kuwapigisha makofi. Aliweka kopo mezani, lina picha ya ubongo unaotabasamu. "Viwili asubuhi, kimoja jioni," akasema. "Ubongo wa mzee unarudi wa kijana." Kisha akaenda zake akasahau mkoba. Wiki ya pili alisahau mwavuli. Ya tatu alisahau kuleta kopo la pili, ikabidi tumpigie simu kumkumbusha dawa ya kumbukumbu. Mganga hajigangi.

Kaka yeye alileta ratiba. Alikuwa ameisoma mahali: mzee atembee nusu saa, ajaze fumbo la maneno, apige mswaki kwa mkono wa kushoto, afundishwe jambo jipya kila wiki. Baba alipiga mswaki kwa mkono wa kushoto siku mbili, akajichoma fizi, akauliza kama mkono wa kulia nao umeanza kusahau.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Baba alikuwa anasahau kweli. Aliniita kwa jina la Mama mara mbili tatu. Alitia chumvi kwenye chai. Na wiki mbili baada ya lile sakata la madhabahu aliiacha pasi juu ya meza ya kukatia, akatoka nje kumtazama mtu, pasi ikatoboa kitambaa na kuchoma meza, shimo jeusi la ukubwa wa kiganja. Moshi niliuona mimi. Nikampigia Kaka, na hilo ndilo kosa langu la kwanza, maana pasi nilikuwa nimeshaichomoa.

"Leo meza, kesho nyumba," akasema, na hapo hakukosea. Siku hiyo hiyo alikuja na kufuli. Chumba kikafungwa, mkasi ndani, cherehani ndani, futi ndani. Ufunguo nikapewa mimi, kwa kuwa ndimi ninayeishi na mzee. "Asipewe hata akilia," Kaka aliniambia. "Kwanza arudishe kumbukumbu, halafu tutakaa kikao tuone."

Mtu mzima anaweza kuambiwa arudishe mkopo au kitabu cha maktaba. Baba aliambiwa arudishe kumbukumbu, na aliposhaahidiwa chumba chake alikubali mitihani kama mwanafunzi anayerudia mwaka.

"Mia, toa saba," Kaka alianza.

"Mia ya nini?"

"Mia tu, Baba."

"Mia haiwi tu. Kama ni inchi, hiyo ni suruali ya tembo, na tembo hatoi saba."

Kosa.

"Nakutajia maneno matano, uyarudie. Kiti. Mwezi. Ufunguo. Mvua. Kondoo."

"Ufunguo," Baba akasema. "Kiti. Ufunguo. Mvua. Ufunguo."

"Umetaja ufunguo mara tatu."

"Mwanangu, nimeutaja mara tatu kwa sababu ndio ninaoutaka. Kondoo na mwezi ni vyako."

Kosa. Mimi nilicheka, nikatazamwa, nikaacha kucheka.

Siku za kazi, nikirudi kutoka dukani, nilimkuta kibarazani kwenye kiti, uso barabarani. Watu walipita na yeye alitaja namba chini chini. Thelathini na nne. Arobaini. Thelathini na sita na nusu, na bega la kushoto limeshuka. Majirani walisikitika wakasema mzee wa watu amechanganyikiwa. Hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa anafanya kazi pasipo kitambaa.

Jioni moja, jua bado lipo, alinishika mkono nikiwa napita na ndoo.

"Mama, nipe dakika ishirini tu." Sisi mabinti zake alituita mama. "Ukae pale mlangoni unione. Pasi sitaigusa. Kuna kitu nimekikata, hakijaungwa."

"Ngoja nimuulize Kaka."

"Kaka yako ndiye mwenye kiuno hicho," akasema, akaniachia.

Nilimuuliza Kaka. Akasema litajadiliwa kwenye kikao. Kikao kiliahirishwa kwa sababu Kaka alikuwa na kikao. Nikamuuliza tena mwezi wa nne, akaniuliza kama nimechoka kumtunza mzee, niseme. Ufunguo ulikaa kwenye mkebe wa majani ya chai, juu ya kabati, na kila nilipochemsha chai niliugusa kwa kijiko. Nilikuwa nasali kila siku kwamba Mungu amrudishie Baba akili. Sasa nadhani Mungu alikuwa ananisikiliza na kushangaa, maana jibu la sala ile lilikuwa kwenye mkebe wangu mwenyewe.

Mwezi wa sita kumbukumbu ikaanza kuondoka sawasawa, si kwa utani. Vidonge alimeza vyote, fumbo la maneno alijaza, barabara alitembea. Kibarazani alianza kunyamaza. Mtu anapita, yeye anatazama viatu. Asubuhi moja nilisimama mbele yake nimevaa sare ya dukani, nikamuuliza kwa mzaha, kama tulivyofanya tangu utoto wangu, "Fundi, leo nimefika ngapi?"

Alinitazama kutoka begani hadi kwenye kiatu. Akanitazama tena. Hakuwahi kumtazama mtu mara mbili.

"Thelathini," akasema.

Mimi ni thelathini na sita, na nilikuwa thelathini na sita kwa miaka kumi. Nilimwambia, "Barabara kabisa, Baba," nikaenda kazini, na huko niliharibu rimu nzima ya karatasi.

Jioni ile nilimpigia Kaka nikamwambia nitafungua chumba atake asitake. Akasema nisifanye pupa, mwisho wa mwezi ana nafasi, atakuja tufungue wote kwa utaratibu. Nikakubali utaratibu. Tarehe kumi na tisa Baba alishikwa na nimonia. Alilala hospitali siku tano, na siku ya sita Kaka alinipigia kuuliza tarehe ya kuzaliwa.

Seremala alikuja nyumbani mchana ule ule, penseli sikioni. Ni mtu wa maneno machache, na suruali aliyovaa ilishonwa na Baba.

"Marehemu alikuwa na urefu gani?"

Tukatazamana. Tulikuwa watoto watatu wa fundi nguo, tumekaa kwenye kochi moja, na hakuna aliyejua.

"Wa wastani," Dada akasema.

"Wastani sina mbao zake."

"Kama mimi," Kaka akasema. "Tulikuwa sawa. Pima mimi."

"Nikapime mwili basi, niwe na uhakika."

"Hakuna haja ya kuwasumbua hospitali. Nimekwambia kama mimi."

Seremala akampima, akaandika. Alipofika mlangoni akageuka. "Mimi marehemu alinipima mara moja tu," akasema. "Miaka kumi na miwili sasa, na zinanikaa zote." Akavaa viatu akaenda.

Asubuhi ya maziko jeneza lililetwa hospitali, Baba akalazwa ndani na suti yake ya kijivu, na kosa la kipimo likaonekana wazi kwa kila mtu. Pale miguuni palibaki nafasi ya shubiri nzima, na ubavuni mikono miwili ingepita. Labda zamani walilingana. Miaka imempunguza mmoja na kumwongeza mwingine, na mpimaji wa nyumba yetu alikuwa amelala.

"Mkimnyanyua hivi atateleza," seremala akasema. "Mtamsikia njia nzima. Leteni vitambaa."

Nilirudi nyumbani na Kaka kwenye gari lake. Nilitoa ufunguo kwenye mkebe mbele ya macho yake, nikafungua. Chumba kilinuka vumbi na mafuta ya cherehani. Mkasi ulikuwa mahali pake, umeanza kushika kutu kwenye ncha. Nikavuta magunia ya vitambaa. Kaka yeye alibaki kwenye meza ya kukatia, karibu na lile shimo la pasi.

Pale mezani kulikuwa na suruali iliyokatwa, vipande vinne vimebanwa kwa pini, kitambaa kile kile cha suti yake ya kuapishwa, maana Baba hakuwahi kumaliza kitambaa cha mtu. Mistari ya chaki ilikuwa bado inaonekana. Nilichukua futi nikapima kiunoni, nikatoa nafasi ya mshono kama Baba alivyonifundisha nikiwa mdogo. Arobaini na mbili. Niliiacha futi mezani. Kaka akaichukua mwenyewe, akajizungushia juu ya shati, akatazama namba kwa muda.

"Alikata lini?" akauliza.

"Wiki ile ile uliyokuja umefunga koti."

Alivikunja vile vipande vyote vinne, pini zikiwa ndani, akavibeba kifuani. Mimi nilibeba magunia. Njiani hakuendesha kikao chochote.

Hospitalini tulimpanga Baba vizuri. Dada alikuwa amesahau leso yake, nikampa yangu. Tulijaza vitambaa ubavuni: vya kaki, vya bluu, vipande vya bitana, vya sare za mabwana ambao wengi wao walikuwa wanasubiri nje. Miguuni Kaka aliweka suruali yake. Seremala alilitikisa jeneza kidogo, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa. Mchungaji akasali. Tukaaga kwa zamu, mimi wa mwisho, kifuniko kikafungwa.

Tulimzika saa nane mchana karibu na Mama. Watu sita walibeba, na jeneza halikutoa sauti. Kwenye msalaba imeandikwa miaka tu, tarehe hazikuwekwa. Waliimba nyimbo mbili. Kaka aliletewa kiti mara mbili, na mara zote mbili alikataa, akasimama wima ukingoni mwa kaburi hadi mwisho. Kila mtu akatupa udongo wake. Kaburi likafukiwa, mchungaji akatoa baraka, tukarudi nyumbani.